Mapambano makubwa ya ngumi, na wale walioshindwa

Mhadhara kwa vijana na makocha wa ngumi, Dodoma mjini

Mbukwenyi!

Asanteni. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Makocha wenzangu, habari za jioni. Kina mama mliowaruhusu watoto wenu waje kuvaa glavu, nawashukuru sana. Nanyi vijana, shikamoo zenu nimezipokea pale mlangoni.

Nimeombwa nizungumzie mapambano makubwa kuliko yote katika historia ya ngumi. Najua mnachotarajia: nianze na namba kumi, nipande hadi namba moja, halafu tubishane mpaka usiku. Sitakwenda hivyo. Nimefundisha ngumi hapa Dodoma miaka mingi, na kila mwaka naona jambo lile lile. Kijana anapoteza pambano lake la kwanza, tena kwa pointi, tena kwa haki kabisa, na wiki inayofuata haji mazoezini. Ya pili haji. Nikimwona pale soko la Majengo, anavuka barabara ili tusikutane. Kwa hiyo leo nitasimulia mapambano makubwa nikiwa nimesimama kwenye kona ya aliyeshindwa. Naamini kabisa kwamba yeye ndiye anayelifanya pambano liwe kubwa. Mtu akianguka kabla hajapigana, mshindi naye hana cha kusimulia.

Twende Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni saa kumi alfajiri ya kule. Saa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Waafrika. Iliwekwa ili New York iwe saa nne usiku, watu waliolipa viingilio waangalie kwenye majumba ya sinema. Lakini Kinshasa iko nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo kengele ya kwanza ilipolia, hapa Dodoma ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jua linachungulia. Mimi nilikuwa mtoto. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na habari tulizipata kwenye redio ya betri. Nakumbuka wanaume wazima waliruka kama watoto, na mmoja akamwaga chai yake yote. Kwa umri wangu ule nilidhani Ali ni ndugu yetu fulani anayeishi mbali.

Sasa mfikirieni Foreman. Alikuwa bingwa wa dunia, miaka 25. Mapambano 40, yote kashinda, 37 kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Joe Frazier, mtu aliyekuwa amempiga Ali, Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Jamaica, Januari 1973. Ken Norton, aliyewahi kumvunja Ali taya, naye hakumaliza raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32, na zaidi ya mitatu katika miaka yake mizuri alikuwa amenyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Watu waliompenda Ali hawakuwa wakiomba ashinde. Waliomba atoke mzima.

Uwanja ulijaa watu wapatao 60,000, wakiimba kwa Kilingala: "Ali, boma ye!" Yaani, Ali, mwue. Raundi ya kwanza Ali akampiga makonde ya kulia ya moja kwa moja, kitu ambacho bondia hamfanyii bingwa, kwa sababu konde la kulia lina safari ndefu na ukikosa umejianika. Raundi ya pili akaenda kwenye kamba, akaegemea, akaziba uso kwa glavu, akamwacha Foreman apige. Kona yake yenyewe ikapiga kelele atoke pale. Joto lilikuwa kali, kamba zimelegea, na kila Foreman alipotupa konde zito Ali aliegemea nyuma, konde likaishia mikononi au hewani. Vijana, tupeni makonde mia kwenye begi kwa nguvu zenu zote, halafu mniambie mikono ina uzito gani. Kufika raundi ya saba Foreman alikuwa anasukuma tu. Raundi ya nane, sekunde chache kabla ya kengele, Ali akatoka kwenye kamba, akapiga mfululizo, konde la mwisho la kulia, na yule jitu akazunguka akienda chini. Saa moja hivi baadaye mvua kubwa ikashuka uwanjani pale. Sisi watu wa Dodoma tunajua maana ya mvua kuja kwa wakati.

Hilo la Ali mnalijua. Nawaomba mumweke Foreman pembeni kwanza, amekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, haamini. Nitamrudia.

Mkiniuliza mimi, pambano kubwa kuliko yote si la Kinshasa. Ni la Manila, Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975, Ali na Joe Frazier kwa mara ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa Madison Square Garden, New York, tarehe 8 Machi 1971. Wote wawili walikuwa hawajawahi kupoteza. Frazier alimwangusha Ali raundi ya 15 kwa konde la kushoto la kuzungusha, akashinda kwa pointi za waamuzi wote. Ya pili, Januari 1974, akashinda Ali. Na kati yao palikuwa na uchungu, kwa sababu Ali alimtukana Frazier, akamwita sokwe mbele ya ulimwengu mzima. Frazier ndiye aliyekuwa amemsaidia Ali wakati hana leseni na hana fedha. Nampenda Ali kuliko bondia mwingine yeyote, na hili siwezi kumtetea.

Manila walipigana asubuhi, kwa sababu ile ile ya saa za Marekani. Hapa kwetu kulikuwa hakujapambazuka. Ukumbi ulifungwa, watu wamebanana, taa za televisheni zinawaka juu ya vichwa vyao. Ilikuwa kama kupigana ndani ya tanuri. Raundi za mwanzo ni za Ali. Raundi za katikati Frazier akaingia ndani, kichwa chini, akapasua mbavu, na ile kamba iliyomwokoa Ali Kinshasa sasa ikawa gereza lake. Kuanzia raundi ya 12 Ali akapata pumzi nyingine, sijui aliitoa wapi, akaanza kumpiga Frazier usoni. Frazier kwa miaka mingi alikuwa haoni vizuri kwa jicho la kushoto, na alikuwa ameficha. Sasa jicho la kulia nalo likavimba likafunga. Makonde ya kulia ya Ali yalikuwa yanakuja naye hayaoni.

Raundi ya 14 ilipokwisha, mwalimu wake Eddie Futch alimwambia mwamuzi basi. Frazier akataka kuinuka, akasema anamtaka yule mtu. Futch akamwekea mkono begani: "Kaa chini, mwanangu. Yamekwisha. Hakuna atakayesahau ulichokifanya hapa leo."

Zilibaki dakika tatu tu. Kwenye kona ya pili Ali aliinuka, akanyoosha mkono juu, halafu miguu ikamwisha nguvu akaanguka chini kwenye turubai. Baadaye alisema pale ndipo alipokaribia kifo kuliko popote. Wapo wanaoamini Frazier angetoka kwa ile raundi ya mwisho angeshinda. Inawezekana. Lakini Futch alishawahi kuona mabondia wakifa kwa ngumi, na alijua Frazier ana watoto nyumbani.

Makocha, hapa nazungumza nanyi. Mimi niliwahi kuchelewa kurusha taulo, ile ishara ya kocha kwamba pambano lisimamishwe. Kijana wangu alikuwa ananiambia yuko sawa, nami nikamwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini. Alipona, Mungu ni mwema, lakini wiki nzima maumivu ya kichwa hayakumwacha, na mama yake aliponifungulia mlango sikuweza kumtazama usoni. Tangu siku hiyo taulo nalishika mkononi, siliweki begani. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alipigana hadi raundi ya 14 na Ray Mancini huko Las Vegas, na akafariki siku chache baadaye. Baada ya hapo mapambano ya ubingwa wa dunia yakaanza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Raundi hizo tatu ambazo hampigani leo zililipiwa.

Najua mnataka Mike Tyson, bingwa wa uzito wa juu. Sawa. Tokyo, Februari 1990, Buster Douglas alimwangusha raundi ya kumi, na Tyson akatambaa akitafuta kinga ya meno sakafuni. Lilikuwa pambano la kushangaza kuliko yote, nakubali. Kubwa, hapana. Tyson usiku ule hakuwa amejiandaa, na pambano kubwa linahitaji watu wawili.

Kwa wanaopenda moto mtupu, tafuteni Marvin Hagler na Thomas Hearns, Las Vegas, Aprili 1985. Dakika nane hivi tu, basi. Hearns alivunjika mkono wa kulia raundi ya kwanza, na bado akaendelea kupiga nao. Hagler alipasuka usoni, daktari akaitwa kumtazama, na Hagler alipoona pambano linaweza kusimamishwa akaingia mzimamzima. Hearns alibebwa hadi kwenye kona yake. Miaka miwili baadaye Hearns huyo huyo akawa mtu wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika uzito wa aina nne.

Lakini ninalolipenda zaidi kuwasimulia vijana wa hapa ni la Azumah Nelson wa Ghana. Julai 1982 alikuwa na mapambano 13 tu ya kulipwa, na nje ya kwao ni wachache waliomjua. Bondia aliyepangwa kupigana na Salvador Sánchez wa Mexico akashindwa kufika, wakamwita Azumah kama wiki mbili kabla. Sánchez alikuwa bingwa wa dunia, fundi hasa. Watu walitegemea kijana wa Accra atalala mapema. Alikwenda naye hadi raundi ya 15! Alianguka ya saba, akaamka akazidi kushambulia, na mwamuzi alisimamisha katika raundi ya mwisho. Wiki tatu baadaye Sánchez alifariki kwa ajali ya gari, miaka 23. Azumah hakurudi Ghana kujificha. Desemba 1984, Puerto Rico, akamwangusha Wilfredo Gómez raundi ya 11, nyumbani kwa Gómez, akawa bingwa wa dunia. Ukimwuliza mtu wa ngumi Azumah alianzia wapi, atakutajia pambano aliloshindwa.

Na sisi? Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, Mtanzania Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati. Alipoteza kwa kijana wa Liverpool aitwaye John Conteh, akarudi na medali ya fedha. Miaka minne baadaye Conteh huyo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Mtu wetu alisimama na bingwa wa dunia wa kesho yake. Juzi nilimtaja Simba mbele ya vijana ishirini mazoezini, na hakuna aliyelijua jina hilo. Wote walilijua la Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na wote walimjua Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyekwenda Birmingham mwaka 2018 akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Nilifurahi kwamba wanawajua. Lakini kutolijua la Simba kuliniuma, na nimeandika jina lake kwa chaki ukutani pale tunapofanyia mazoezi.

Nilisema nitamrudia Foreman. Baada ya Kinshasa alilaumu kamba, akalaumu hesabu ya mwamuzi, akalaumu hata maji aliyokunywa. Mwaka 1977 akapigwa na Jimmy Young, akaacha ngumi, akawa mhubiri. Akakaa nje miaka kumi. Aliporudi mwaka 1987 alikuwa mnene, kipara, watu wakamcheka. Hakujali. Alipiga mmoja, akapiga mwingine, akapoteza, akarudi tena. Aliacha pia kulaumu, akawa rafiki wa kweli wa Ali.

Novemba 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, akapanda ulingoni na bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Alivaa bukta ile ile nyekundu aliyovaa Kinshasa. Kwenye kona yake, miongoni mwa wasaidizi, alikuwepo Angelo Dundee, mzee aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku ule wa 1974. Kwa raundi tisa Moorer alimpiga anavyotaka, na waamuzi wote watatu walikuwa wameandika anaongoza. Raundi ya kumi Foreman akatupa konde fupi la kulia, moja, kidevuni. Moorer akalala chali. Foreman akaenda kwenye kona, akapiga magoti akaomba. Alikuwa ameubeba usiku wa Kinshasa miaka ishirini.

Yupo kijana mmoja humu ndani, sitamtaja jina. Mwezi uliopita alipigwa kwa pointi na bondia wa Singida, pambano zuri, raundi zote walisimama watu wote ukumbini. Hajaja tangu siku hiyo. Leo nimemwona ameingia kwa mlango wa nyuma, amekaa karibu na dirisha. Mwanangu, glavu zako bado zimening'inia kwenye msumari wako, sijampa mtu. Jumatatu tunaanza saa kumi na moja jioni.