Mtu Aliyefungua Mlango: Mhadhara kuhusu Denholm Elliott

Naona wengine mmeanza kucheka kwamba leo tena nimekuja na Denholm Elliott, yule mwigizaji wa filamu wa Uingereza. Nitaendelea kuja naye mpaka nimsikie mmoja wenu akiomba kucheza mtumishi. Hapa kila mtu anataka kuwa stelingi, kwa sababu stelingi hafi.

Chukueni filamu ya Trading Places, ya 1983. Nikiwauliza mnamkumbuka nani, mtasema Eddie Murphy. Sawa, hata mimi alinivunja mbavu. Lakini itazameni tena ile nyumba ya Philadelphia. Elliott ni Coleman, mtumishi wa kijana tajiri anayechezwa na Dan Aykroyd. Wazee wawili wenye kampuni wamewekeana dau: tumshushe huyu, tumpandishe maskini wa barabarani, tuone itakuwaje. Coleman naye anaamriwa ashiriki. Tajiri anarudi nyumbani, ufunguo haukubali. Anayemfungulia ni mtu aliyekuwa akimpelekea kifungua kinywa kitandani, na mtu huyo anasema hamjui.

Ngojeni hapohapo. Mwigizaji wa kwetu angefanyaje? Angetoa macho, angemeza mate kwa kishindo, angeigeukia kamera ili hata aliyekaa nyuma kabisa ajue roho inamsuta. Elliott hafanyi hata moja. Adabu yake haipungui, na ni adabu hiyohiyo inayouma. Unamwona mtu anayetii kwa kuwa mshahara unatoka kwao, na anajichukia palepale. Baadaye akigeuka kumsaidia bosi wake hatushangai, maana alishatuandaa pale mlangoni.

Kuna atakayesema, mwalimu, hiyo si kazi ya mwandishi? Mwandishi alimpa maneno machache ya kumfukuzia mtu. Aibu aliileta mwenyewe! Na Waingereza waliiona: walimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi kwa filamu hiyo, wakampa tena mwaka uliofuata kwa filamu nyingine, na mwaka wa tatu wakampa tena kwa nyingine. Gabriel Byrne, aliyecheza naye katika filamu ya Defence of the Realm, ndiye anayetajwa kwa lile onyo la kutocheza na watoto, mbwa wala Denholm Elliott, maana watazamaji watawatazama wao, si wewe.

Mtasema ni kipaji, “alizaliwa nacho.” Hapana, jamani. Alizaliwa London mwaka 1922, akaenda chuo cha uigizaji cha RADA, hakumaliza. Vita vikaja, akawa mtu wa redio kwenye ndege za mabomu. Mwaka 1942 ndege yao ikaangushwa, Wajerumani wakamteka, akabaki kambini hadi mwisho wa vita. Humo ndimo alimowachezea mateka wenzake Shakespeare. Hadhira haina pa kwenda, kweli, lakini ina njaa na baridi. Jaribuni kuidanganya hiyo.

Miaka ya 1950 alicheza vijana watanashati, na kwa maoni yangu hana ladha sana humo. Alikolea alipoanza kucheza watu walioshindwa. Katika filamu ya Alfie, 1966, ni mtoa mimba aliyechakaa: anawahubiria waliomjia kwamba wanalotaka ni jinai, kisha anapokea pesa. Dakika chache tu. Stelingi alikuwa Michael Caine. Miaka ishirini baadaye wote wawili wakashindania Oscar ya mwigizaji msaidizi, Elliott kwa A Room with a View. Akachukua Caine! Yaani stelingi ameshuka mpaka kwetu na bado ametupokonya.

Naonyeshwa saa. Basi haraka: Marcus Brody wa filamu za Indiana Jones mnamjua, naye ni Elliott. Mke wa kwanza wa Elliott, kwa muda mfupi, alikuwa mwigizaji Virginia McKenna, yule aliyekuja Kenya kucheza filamu ya Born Free. Hilo ni la siku nyingine. Aliishi na virusi vya UKIMWI huku akiendelea kufanya kazi, akafariki Ibiza, kisiwa cha Hispania, mwaka 1992 kwa kifua kikuu. Nilitaka kugusia sauti yake, ila naona mwenyekiti ameshasimama.

Maswali, basi. Atakayeuliza mwigizaji msaidizi analipwa ngapi, akae chini.