Msinihesabie Kilowati

Ahsanteni. Mwenyekiti amesema nitazungumzia maendeleo ya leza za fuwele na ukataji wa nyuzi za kaboni. Sawa, maana yake nitazungumzia joto. Walionisikia mwaka jana watanivumilia.

Tangu Theodore Maiman alipowasha leza ya yakuti huko California, Mei 1960, adui wa leza hizi ni huyo huyo. Zamani fuwele ilichongwa kama ufito. Unaumulika kwa mwanga ili utoe leza, sehemu ya nishati inabaki ndani kuwa joto, nje unapoza kwa maji. Nani hapa hajamega boflo lililotoka jikoni? Ganda limepoa, ndani linaunguza ulimi. Ufito ni vivyo hivyo: katikati moto, pembeni baridi, na fuwele inageuka lenzi usiyoiomba, inakupotoshea mwali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Adolf Giesen na wenzake huko Stuttgart wakaacha boflo, wakapika chapati: kisahani chembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, kimebandikwa mgongo kwenye kipoozeo. Joto halina safari ndefu. Tena ndani ya fuwele wakatumia elementi ya itebiamu: unaimulika kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 940, inatoa 1030, na kinachogeuka joto ni kama asilimia 9. Neodimiamu, elementi nyingine ya leza, inayomulikwa kwa 808 na kutoa 1064 inapoteza kama 24. Gawanyeni wenyewe, hesabu ya darasa la saba.

Sasa kukata. Kijana mmoja aliniletea kibamba cha nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa resini, yaani gundi ya plastiki, anatabasamu. "Mwalimu, leza ya kilowati nzima, imepita mara moja tu!" Nikamwambia akipasue ubavuni, akisugue, tukitie chini ya hadubini. Kando ya mkato resini ilikuwa imetoweka, nyuzi zimebaki uchi kama ufagio wa chelewa. Tabasamu likaisha.

Kwa nini? Kaboni haiyeyuki, inageuka mvuke ikipita nyuzijoto 3,500 (nyuzijoto, si nyuzi zetu, msichanganye). Resini inaharibika kwenye mia chache tu. Na uzi wa kaboni unapitisha joto makumi ya mara kuliko resini iliyouzunguka. Mmewahi kugeuza mshikaki wa chuma bila kitambaa? Nyama ndiyo iliyo motoni, anayepiga kelele ni wewe. Kijana wangu alikuwa amechomeka maelfu ya mishikaki ndani ya gundi, halafu akawasha jiko.

Najua mtasema: basi mipigo mifupi ya mwanga, ya pikosekunde, yaani sehemu za trilioni za sekunde. Naam! Lakini hata huo mpigo unaacha joto kidogo nyuma, na ukipiga palepale mara laki kwa sekunde, mgeni wa pili anaingia kabla wa kwanza hajaaga, na wa tatu yuko mlangoni. Nyumba inajaa. Dawa ni mwali kukimbia, kupita mara nyingi, na kati ya mpito na mpito kuacha kitu kipumue. Inachosha? Inachosha. Ndiyo maana wanafunzi wanapandisha wati.

Yule wa nyuma anatingisha kichwa: kwani msumeno una kosa gani? Kaboni inakula meno ya chombo, ndilo kosa. Ila sikatai, viwandani visu vya mashine na maji ya shinikizo bado vinafanya kazi kubwa. Dreamliner za Air Tanzania, ambazo nusu ya uzito wake ni mata za namna hii, hazikunisubiri mimi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya mwanga wa urujuani, na kusafisha uso kwa leza kabla ya kugundisha. Basi. Moja tu, moshi: vaeni barakoa, na mjue kwamba vipande vya nyuzi vinavyopeperuka vinapitisha umeme. Kompyuta ya maabara ikizimika ghafla, kabla hamjamtukana fundi, tazameni kichujio cha kifyonza-moshi kilibadilishwa lini.