Kiboko, Tarehe na Sebule: Mhadhara Kuhusu Picha za Tashtiti

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, naomba muitazame kidogo hii picha iliyo ukutani.

Ni ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, makalio yako wazi. Askari aliyevaa sare ameinua kiboko. Pembeni amesimama ofisa wa Kizungu, ametulia, anatazama kama mtu anayesubiri kazi iishe. Juu yao inapepea bendera ya Ubelgiji. Na mchoraji ameandika kwa herufi kubwa: Colonie Belge 1885–1959.

Mchoraji ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 huko Kongo, katika mji tunaouita leo Lubumbashi, jimboni Katanga. Hakuwa peke yake, kwani wachoraji wengi wa Katanga waliichora picha hii na kuirudia, kila mmoja kwa mkono wake, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichopakwa rangi nyeupe kwanza. Waliozinunua walikuwa watu wa kawaida, na walizitundika sebuleni, pale mgeni anapokalishwa.

Jiulizeni wenyewe: nani anataka picha ya mtu anayechapwa viboko juu ya kiti chake cha kupumzikia?

Rudini kwenye picha, mtazameni askari. Ni mweusi. Mkono ulioinuka si wa Mzungu. Sasa wekeni hilo kichwani, halafu kumbukeni kwamba picha hizi zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi miaka ya sabini, wakati Mobutu ameshaitawala Kongo tangu 1965. Ubelgiji ilikuwa imeondoka, lakini askari mwenye sare alikuwepo, na gereza lilikuwepo. Aliyeketi sebuleni alijua vizuri kwamba mwaka 1959 ulioandikwa pale ulikuwa kama mlango uliorudishwa tu bila kufungwa. Kama polisi angeuliza, jibu lilikuwa tayari: hii ni historia, hawa ni Wabelgiji. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Najua mwanafunzi wa fasihi ataniuliza tashtiti, yaani sanaa ya kuwakejeli wenye nguvu, iko wapi hapo, maana hakuna cha kuchekesha. Mimi naamini kicheko si sharti. Tashtiti inamvua mwenye nguvu mbele ya asiye na nguvu, na inampa huyu wa pili njia ya kusema bila kushikwa. Kibonzo cha gazetini hufanya hivyo kwa siku moja, halafu gazeti linatumika kufungia bidhaa. Picha ya sebuleni inakaa miaka. Watoto wanakua wakiiona.

Watu wa huko walikuwa na neno lao kwa kazi ya picha hizi, na ni neno la Kiswahili: ukumbusho. Hawakusema zinapendeza au zinafundisha. Walisema zinakumbusha. Nimesoma nadharia nyingi za sanaa, na sijaona neno linalolipita hili.

Twende Kinshasa, kwa Chéri Samba. Huyu alianza kwa kuchora mabango ya biashara, akafungua karakana yake mwaka 1975. Alikuwa akizitundika picha nje, barabarani, watu wanajaa. Akagundua jambo ambalo kila mchoraji analijua kwa uchungu: mtu hutupa jicho na kupita. Basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kwa Kifaransa na Kilingala, mistari mizima, ili mpita njia asimame asome. Wakati anasoma, anatazama. Na anapoitazama, inamwingia. Amewachora wanasiasa, waume na wake zao, wazazi, watoto walioshikishwa bunduki. Mwaka 2011 alichora ramani ya dunia iliyopinduliwa, kusini iko juu, na yeye mwenyewe yumo katikati. Ukikaa nayo dakika tano unaanza kujiuliza nani aliamua kwamba kaskazini ndiyo juu.

Nairobi yupo Michael Soi, mtoto wa mchoraji Ancent Soi. Rangi zake ni bapa na kali, mistari myeusi minene. Katika mfululizo wake kuhusu mapenzi ya China na Afrika, bara letu ni mwanamke anayetongozwa. Mwaka 2015, majina ya watakaoiwakilisha Kenya kwenye maonyesho ya Venice yalipotoka na mengi yakawa ya wasanii wa China, Soi hakuandika barua ya malalamiko. Alichora. Serikali nayo ikajitenga na maonyesho hayo.

Sasa nifike mahali panaponisumbua kweli.

Mei 2012, Johannesburg, Brett Murray alionyesha picha aliyoiita The Spear, yaani Mkuki. Rais wa wakati huo, Jacob Zuma, amesimama kwa mkao wa Lenin wa mabango ya Kisovieti, na sehemu zake za siri ziko nje. Chama chake kilikwenda mahakamani, watu wakaandamana, na wakili aliyekuwa akikitetea alilia mbele ya majaji. Siku mbili kabla ya hapo, watu wawili, mmoja mzungu na mmoja mweusi, waliingia kwenye jumba la sanaa kila mmoja kwa mpango wake. Wa kwanza akachora msalaba mwekundu juu ya picha, wa pili akaipaka rangi nyeusi kwa mikono.

Natetea haki ya Murray ya kuchora, na siyumbi hapo. Lakini iwekeni picha ile kando ya hii ya Tshibumba. Zote mbili zina mwili mweusi uliovuliwa nguo. Kwa Tshibumba, uchi wa mfungwa unamshitaki mwenye kiboko na aliyemtuma. Kwa Murray, uchi unamshitaki aliye uchi. Katika nchi ambayo watu weusi walivuliwa nguo na kukaguliwa kwa amri ya sheria, wengi hawakumwona rais pale. Waliwaona baba zao. Murray alilenga madaraka, na bado naona mkuki wake ulimpita rais ukawachoma waliosimama nyuma yake.

Namalizia kwa Tshibumba. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha mia na moja, tangu kabla ya Wabelgiji, kupita kwa Lumumba, mpaka siku zake mwenyewe. Alimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, na sauti ikarekodiwa. Miaka ya mwanzo ya themanini akapotea, na hajaonekana tena.

Picha zile zilihifadhiwa katika jumba moja Amsterdam, Uholanzi. Kwa Kiswahili chetu jumba la namna ile tunaliita makumbusho, neno la mzizi uleule na ukumbusho wa watu wa Lubumbashi. Zimetunzwa vizuri, nashukuru kwa hilo. Ila kuta za sebule zilikotundikwa picha za namna hii ziko mbali, na wajukuu wa walionunua Colonie Belge wanahitaji viza ili waende kukumbushwa.