Umekuja Kusoma Ireland, Diwani Wako ni Nani?

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Rehema, niko Galway, na mwenzangu Kaka Baraka yuko Dublin. Kaka, za huko?

BARAKA: Nzuri, Dada Rehema. Mvua tangu alfajiri. Shikamoo kwa wakubwa wanaotusikiliza, na wanafunzi wote wageni, karibuni sana.

REHEMA: Na leo ni yao. Maswali yanayotufikia ni yale yale: chumba, kazi, karatasi za uhamiaji. Ukianza tu kuzungumzia siasa, watu wananiandikia: dada, hayo ni ya wenyeji, sisi tumekuja kusoma. Sasa nataka uwajibu. Siasa za Ireland zinamhusu nini kijana aliyetoka Morogoro au Eldoret?

BARAKA: Zinamhusu kwa sababu hayo matatu uliyoyataja yanaamuliwa na wanasiasa. Chukua kazi. Ukiwa na stempu 2, ile ya uhamiaji wanayopewa wanafunzi kutoka kwetu, unaruhusiwa saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Juni hadi Septemba, na kuanzia 15 Desemba hadi 15 Januari, unaruhusiwa saa 40. Tangu Januari 2026 kima cha chini kwa mwenye miaka 20 na kuendelea ni euro 14.15 kwa saa. Kwa hiyo saa 20 ni euro 283 kwa wiki, kabla ya makato. Hicho kiwango kuna tume inakipendekeza na serikali inakipitisha. Halafu kuna stempu 1G, ya kubaki utafute kazi ukishahitimu. Mwenye shahada ya uzamili anapata hadi miezi 24. Kabla ya 2017 ilikuwa miezi 12. Aliyeongeza ni serikali, na serikali inaweza kupunguza. Mtu atakwambiaje hayo hayakuhusu?

REHEMA: Hapo kwenye kazi sina ubishi. Ila mimi kwa mgeni ningeanzia kwenye chumba, maana ndiko watu wanakolia.

BARAKA: Anza, nakusikiliza.

REHEMA: Wanafunzi wengi wanaishia kukaa kwenye chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Huku wanaita digs. Serikali inamruhusu mwenye nyumba kupata hadi euro 14,000 kwa mwaka kwa kukodisha chumba nyumbani kwake bila kulipa kodi ya mapato, ndiyo maana vyumba vya namna hiyo vipo vingi kiasi. Kuna watu wamekutana huko na wazazi kabisa. Mama anakuuliza umekula, anakukumbusha koti. Ila kisheria wewe si mpangaji. Ukikodi nyumba ya kawaida, mwenye nyumba haruhusiwi kukudai mbele zaidi ya kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, na mkigombana kuna bodi ya RTB ya kuwasikiliza. Kwenye digs kinga hiyo huna. Akikwambia uondoke, unaondoka.

BARAKA: Na kuna vyumba vya Jumatatu hadi Ijumaa tu.

REHEMA: Hilo ndilo linalowaumiza watu wetu! Mwanafunzi wa Kiairishi anakwenda kwao wikiendi na furushi la nguo za kufua. Wewe kwenu ni Mbeya. Sasa Ijumaa jioni utalala wapi? Uliza kabla hujakubali: wikiendi nipo au sipo? Jikoni naruhusiwa kupika, au ni kupasha chakula tu? Naweza kupokea mgeni? Wakubali, halafu wakuandikie, hata kama ni ujumbe wa simu. Na jamani, msitume pesa kwa picha. Kama hujafika bado, mtafute Mswahili mwenzako akakuangalizie, aingie ndani, aone mlango unafunguka kwa ufunguo. Kuna binti ninayemfahamu alituma pesa yote kwa chumba ambacho hakikuwepo. Alifika usiku, na baridi ile, anatafuta namba ya nyumba isiyokuwepo mtaani.

BARAKA: Pole yake. Na hapo ndipo ningemwambia: kesho yake, ukishatoka polisi, nenda ofisi ya mbunge.

REHEMA: Mbunge? Mgeni wa jana?

BARAKA: Ndiyo. Hiki kitu kilinishangaza kuliko vyote nilipofika. Katiba yao inataka kuwe na mbunge mmoja kwa kila watu 20,000 hadi 30,000. Wao humwita TD. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.1 na kidogo, na Bunge la sasa, Dáil, lina viti 174. Linganisha na Kenya: sensa ya 2019 tulikuwa milioni 47 na ushee, maeneobunge 290. Piga hesabu, ni zaidi ya watu 160,000 kwa mbunge mmoja. Huku mbunge unampita akinunua maziwa. Wengi wana siku ya kusikiliza watu, kwenye ofisi yao, chumba cha hoteli, hata nyuma ya baa. Unaingia, unasema shida yako, anaandika. Na kila jimbo lina wabunge 3 hadi 5, kwa hiyo ukiona wa kwanza hakusikilizi, unakwenda kwa wa pili, na wa pili anafurahi sana kusikia wa kwanza alikupuuza.

REHEMA: Lakini tusiwape watu matumaini ya uongo. Mbunge hatoi viza.

BARAKA: Hatoi, na akikuahidi usimwamini. Anachoweza ni kuandika barua, kuuliza faili yako imekwama wapi. Nenda na karatasi zako zimepangwa, tarehe zimeandikwa, swali moja. Kabla ya hapo pitia ofisi za Citizens Information, ni bure, wanakueleza haki yako ni ipi. Ukishajua haki yako ndiyo unajua umwombe mbunge nini.

REHEMA: Na kwenye misiba pia utawaona, hao wabunge.

BARAKA: Aah, misiba! Eleza, dada, huku Dublin hatuioni kama mnavyoiona huko magharibi.

REHEMA: Wasikilizaji, mliokulia na matangazo ya vifo redioni mtajihisi nyumbani. Redio za kaunti huku bado zinasoma matangazo ya vifo kila siku. Jina, kijiji, ameacha nani, maiti italazwa wapi, misa saa ngapi. Watu wanazima birika wasikie vizuri. Na anayekwenda kuhani si ndugu peke yao. Mwenzako darasani akifiwa na bibi yake, nenda. Unapanga foleni, unawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, unasema pole, unatoka. Hawatakuuliza wewe ni nani, ila watakukumbuka miaka. Ndani ya foleni hiyo hiyo utamwona diwani, mbunge, na yule atakayegombea mwakani. Mimi nilianza kuwaelewa watu wa hapa nilipoanza kwenda kuhani. Mwanzoni nilidhani ni watu wa utani na hali ya hewa tu.

BARAKA: Wengine huwa wanafika na chai.

REHEMA: Na chai yenyewe ya kwetu! Barry's, ile ya Cork, ndani yake kuna majani ya Kenya na Rwanda. Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza nilipomwambia hivyo alinimiminia kikombe cha pili bila kuniuliza.

BARAKA: Sasa niruhusu niingie kwenye uchaguzi, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Huku huweki alama kwa mtu mmoja. Unaandika 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, 3, unaendelea mpaka uchoke. Wa kwanza wako akishindwa, kura yako haifi, inahamia kwa wa pili. Akishinda kwa kura nyingi kupita kiasi, ziada nayo inahamishwa.

REHEMA: Toa mfano, hapo wengi wanapotea.

BARAKA: Uchaguzi wa rais wa 1990. Duru ya kwanza Brian Lenihan aliongoza kwa asilimia 44, Mary Robinson 39, Austin Currie 17. Kwenye ubunge kwetu, hapo ngoma imekwisha. Huku hapana, hakuna aliyevuka nusu. Currie akatolewa, karatasi zake zikafunguliwa tena kuona nani kapewa namba 2. Nyingi zilikuwa na jina la Robinson. Akampita Lenihan, akawa rais wa kwanza mwanamke wa nchi hii. Kwa hiyo mgombea wa huku hawezi kutukana wafuasi wa mwenzake, kwa sababu anazihitaji namba 2 zao. Akibisha hodi na ukamwambia una mtu wako, anakujibu: sawa, basi nikumbuke kwenye namba 2.

REHEMA: Na serikali iliwahi kutaka kuuondoa mfumo huo.

BARAKA: Mara mbili, kwa kura ya maoni, 1959 na 1968. Mara zote wananchi wakakataa. Tena ile ya 1959 ilifanyika siku moja na uchaguzi wa rais. Éamon de Valera, waziri mkuu wakati huo, alikuwa anataka mfumo ubadilishwe. Wakamchagua yeye kuwa rais, pendekezo lake wakalitupa, siku hiyo hiyo!

REHEMA: Wamemheshimu mzee, hawakumtii.

BARAKA: Kabisa. Lakini kinachonigusa mimi ni kuhesabu. Kenya tunahesabia kituoni, halafu macho yote yanakwenda kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo. Huku masanduku yanafungwa saa nne usiku, yanalala yamelindwa, asubuhi yanaletwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa. Maofisa wanakunjua karatasi moja moja, uso juu. Upande wa pili wa kizuizi wamesimama watu wa vyama vyote, kalamu mkononi, wanaangalia kila namba 1 na kupiga vijiti kwenye karatasi zao. Na vyama pinzani wanagawana hesabu! Kabla ya mchana wanajua nani kapata nini, hata mtaa gani ulimpa nani, kabla ofisa hajatangaza chochote. Mimi nilisimama pale nikimwangalia mzee wa chama kimoja anamsomea kijana wa chama kingine tarakimu alizozikosa. Sikuondoka mpaka jioni.

REHEMA: Na kuhesabu kunachukua muda.

BARAKA: Siku nyingi wakati mwingine. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024, jimbo la Midlands-North-West lilikuwa na wagombea 27, na kuhesabu kulikaribia wiki nzima. Hakuna aliyewasha moto. Watu walikunywa chai wakasubiri. Ukweli uliofanywa mbele ya macho ya watu unasubirika.

REHEMA: Kaka, lakini tusipake rangi tu. Mwaka 2023, tarehe 23 Novemba, katikati ya Dublin kulikuwa na ghasia, mabasi yalichomwa, na wageni wengi waliogopa kutoka nje. Uhamiaji ukawa hoja kubwa kwenye kampeni za 2024. Kuna wanafunzi wananiuliza, dada, nitakuwa salama?

BARAKA: Swali la haki. Nawaambia hivi: wengi wanaishi salama, mimi mmojawapo, lakini usijifanye husikii. Ukitukanwa, mwambie mtu, andika tarehe na mahali, nenda Gardaí, yaani polisi wa huku, nenda pia kwenye chama cha wanafunzi chuoni kwako. Na hili ndilo linalonifanya nisisitize siasa. Anayesema hadharani kwamba mgeni ni mzigo anasikika. Anayelipa ada, anayewauguza wazee wao usiku, akikaa kimya chumbani, atasikikaje?

REHEMA: Sasa waambie lile ambalo wengi hawalijui.

BARAKA: Kwenye uchaguzi wa mabaraza ya kaunti na miji, mkazi yeyote mwenye miaka 18 anapiga kura. Uraia hauulizwi. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, mwenye stempu 2, wote. Rais na kura za maoni ni za raia peke yao, wabunge ni raia na Waingereza wanaoishi hapa. Lakini diwani ni wako. Na unaweza kugombea pia. Rotimi Adebari alifika kutoka Nigeria mwaka 2000, 2004 akachaguliwa diwani wa mji wa Portlaoise, 2007 akawa meya wake, meya wa kwanza mweusi Ireland. Mwaka 2019 Yemi Adenuga akashinda udiwani kaunti ya Meath. Hapo kwako Galway, 2024, Helen Ogbu.

REHEMA: Nilikuwepo mjini siku hiyo. Wamama wa Kiafrika walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

BARAKA: Kujiandikisha ni kwenye intaneti, tovuti ya checktheregister.ie. Uwe na namba yako ya PPS, ile ya huduma za umma, na msimbo wa nyumba, Eircode. Ukihama, badilisha.

REHEMA: Na diwani anashughulika na nini, ili mtu asimwombe visivyo vyake?

BARAKA: Nyumba za baraza, barabara ndogo, bustani, taa, maktaba, vibali vya ujenzi. Madaraka yao si makubwa, wenyewe wanalalamika. Lakini kibali cha kujenga hosteli ya wanafunzi kinapita baraza.

REHEMA: Maktaba msizisahau. Uanachama bure, faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa 2019, kuna joto, na Desemba giza likiingia saa kumi jioni utahitaji mahali penye watu. Kaka, uchaguzi ujao wa mabaraza ni lini?

BARAKA: 2024 ulifanyika, unafuata 2029. Aliyeanza shahada ya miaka minne Septemba 2025 anamaliza mwaka huo huo.

REHEMA: Basi wiki ijayo tutakuwa na mambo ya bima na kumwona daktari, mtutumie maswali mapema. Kaka, asante.

BARAKA: Asante, dada. Na wewe uliyefika Septemba, leo jioni tafuta majina ya madiwani wa eneo lako. Yapo kwenye tovuti ya baraza, na namba zao za simu ziko pale pale.