Pamba Kabla ya Kisu

Ndugu zangu, wale mliowahi kunisikia mtanisamehe, kwa kuwa leo nitairudia tena habari ya pamba, yaani kipimo ninachokifanya kabla ya kumpasua pua mtu anayeumwa kichwa. Mgonjwa huingia na bahasha ya picha ya CT-scan kwapani, na kabla sijamuuliza jina huniambia, “Daktari, mfupa wa pua umepinda, nimeambiwa nipasuliwe ili kichwa kipone.” Ni kweli umepinda. Ukuta wa kati wa pua ulionyooka kama rula ni nadra kuuona kwa mtu mzima. Tukipasua kila uliopinda, nusu ya ukumbi huu italala wodini kesho.

Ninachokitafuta mimi ni mahali ambapo kigongo cha ukuta huo kimeugusa utando wa pembeni na kuubana, maana hapo neva ya tano ya fuvu huweza kusisimka, na maumivu yakasikika kwenye paji la uso au nyuma ya jicho. Hata hivyo, wapo wengi wenye mguso huo ambao kichwa hakiwaumi. Ndiyo maana humwomba mgonjwa arudi siku kinapomuuma. Huchovya pamba katika dawa ya ganzi, nikaiweka kwa msaada wa kamera penye mguso hasa, si pua nzima, kisha tukasubiri dakika tano tukiitazama saa. Mama mmoja, mpishi wa shule, alikuwa ameshika paji la uso kwa viganja viwili. Dakika ya nne akaviteremsha taratibu mapajani, akauliza nimemwekea nini. Huyo nilimpasua. Aliyemfuata alikaa na pamba dakika kumi, kichwa kikaendelea kumpwita, mwanga wa dirisha ukimkera na kichefuchefu juu. Huyo ana kipanda uso, yaani migraine, na kisu changu hakina kazi kwake.

Mtaniambia, “Lakini pua yangu huziba kichwa kinapouma.” Kipanda uso nacho huziba pua. Mwaka 2004 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa watu 2,991 walioaminiwa kuwa na maumivu ya sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na asilimia 88 yao walikutwa na dalili za kipanda uso.

Muda umekwisha, nami sijagusa upasuaji wenyewe: mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kazi hupitia tundu za pua, kigongo huondolewa, na kinyama cha ukuta wa pembeni wa pua, kifupa chake cha ndani kikiwa kimejaa hewa, hupunguzwa. Pua huziba siku kadhaa. Wengine hupona, wengine hupata nafuu tu. Haya, maswali; ila la mfupa kupinda nimeshalijibu.