Mjukuu wa watumwa aliyekuja kuwa gavana wa Virginia

Haya wadau wangu, habari za nyumbani, wazee shikamooni. Leo niko Richmond, Virginia, hilo jengo lenye nguzo nyeupe nyuma yangu ndo bunge la jimbo, na huu mji ndo ulikuwa makao makuu ya yale majimbo ya kusini yaliyojitenga yakapigana vita ili utumwa uendelee. Sasa hapohapo, Januari 1990, akaapishwa gavana mweusi, wa kwanza Marekani nzima kuchaguliwa kwa kura za wananchi.

Anaitwa Douglas Wilder. Babu na bibi yake walikuwa watumwa humuhumu Virginia. Yeye kazaliwa 1931, kasoma kemia huku anahudumia meza mahotelini apate ada, akapelekwa vita ya Korea akarudi na medali ya ushujaa, anataka sasa asomee sheria, vyuo vya jimbo lake havimtaki kwa sababu ya rangi, ikabidi aende Howard kule Washington. Yaani umetoka kupigana vita kwa ajili ya nchi alafu nyumbani unafungiwa mlango! Hii inaniuma mpaka leo.

1969 akashinda useneta wa jimbo, na hakuingia kimyakimya, alianza na wimbo rasmi wa jimbo, ambao humo ndani mtumwa anaimba jinsi anavyomkumbuka bwana wake, akasema hapana, huu hautufai. Walimnunia, lakini 1997 ukawekwa pembeni.

Uchaguzi wa ugavana 1989 ndo presha yenyewe. Kura za maoni zilionyesha anaongoza kwa mbali, kuja kuhesabu kashinda kwa kura chini ya 7,000 kati ya karibu milioni 1.8, mpinzani wake Marshall Coleman akadai zirudiwe kuhesabiwa, zikarudiwa, Wilder yuleyule. Inaonekana kuna watu walimwambia mtafiti ndio, kwenye boksi wakaweka kingine.

Na kiti hakukikalia bure jamani, mwaka huohuo wa 1990 akaagiza taasisi za jimbo zitoe pesa zao kwenye kampuni zinazofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Virginia, jimbo la kusini! Gavana hapa haruhusiwi vipindi viwili mfululizo kwahiyo 1994 akatoka, baadae akarudi kuwa meya wa Richmond hapahapa.

Video ijayo nawapeleka Church Hill, mtaa aliokulia, kama kuna mnachotaka kukiona kule niandikieni kwenye komenti.