Dawa za Tezi Dume: Uliza Umeandikiwa Ipi

Wazee wangu, shikamooni. Malalamiko ninayoyasikia zaidi husemwa kwa sauti ya chini: "Daktari, nimemeza dawa mwezi mzima, mbona usiku bado naamka kukojoa?" Nami huuliza: dawa ipi? Maana dawa za tezi dume iliyokua ziko za namna mbili, na subira zake hazilingani.

Za kwanza ni kama tamsulosini na alfuzosini. Hizi hazipunguzi tezi hata kidogo. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe, mkojo ukapata njia, na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Ukiinuka ghafla waweza kupata kizunguzungu, basi kaa kwanza kitandani ndipo usimame. Wengine shahawa hurudi kibofuni. Hushtua, ila haidhuru. Wengi hawaambiwi hili: kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unazitumia, hata kama uliacha zamani. Tangu 2005 inajulikana kuwa sehemu yenye rangi ya jicho huweza kulegea katikati ya upasuaji.

Za pili, finasteridi na dutasteridi, huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni inayoikuza tezi. Tezi husinyaa kwa karibu robo, lakini polepole: miezi sita, pengine mwaka. Hapa ndipo watu hutupa vidonge mwezi wa pili wakisema ni feki! Huwafaa wenye tezi kubwa. Iliyo ndogo haina cha kupunguza. Hamu na nguvu za kiume zaweza kushuka. Likikutokea hilo sema, usimezee aibu pamoja na kidonge. Tena hushusha kipimo cha PSA, kile cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, hadi karibu nusu, hivyo daktari asiyejua unazimeza anaweza kuona namba ndogo akatulia, kumbe saratani ipo.

Zote mbili pamoja? Ndiyo, kwa baadhi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa doksazosini (ya namna ya kwanza) na finasteridi kwa pamoja zilipunguza hatari ya ugonjwa kuzidi kwa asilimia 66 kuliko kidonge kisicho na dawa.

Mwisho, dawa za mafua. Zile za kuzibua pua, kama zenye sudoefedrini, hukaza misuli ileile tunayohangaika kuilegeza. Mkojo ukikataa kabisa kutoka na tumbo likauma, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali saa hiyohiyo uwekewe mpira wa kutolea mkojo.